Thelathini na Mmoja Pungufu

Nianze na namba ya gari, maana Verlin Uhlig mwenyewe kila mazungumzo alikuwa anaanzia hapo. Kwetu Nebraska namba ya gari inatanguliwa na namba ya kaunti, na namba hizo ziligawiwa mwaka 1922 kwa kuangalia kaunti ipi ina magari mengi. Sisi Tarrow tulipata 61. Jirani zetu wa Kessing wakapata 74. Basi karibu miaka mia baadaye, mtu mzima na mvi zake, karani wa kaunti, tai shingoni, anasimama nje ya duka la vyakula, anaona gari la 74 linaegeshwa, anaguna. "Hawa nao! Wamefuata mkate kwetu." Mkate wenyewe ulikuwa unaletwa na lori kutoka Kessing kila Jumanne, na hilo alilijua.

Nilifanya kazi chini yake miaka ishirini na miwili, hapa Amity, makao makuu ya kaunti, meza yangu ikiutazama mgongo wake. Jina langu ni Marcene Hruby. Nilikuwa naibu karani, maana yake ni kwamba kazi naifanya mimi, sahihi anatia yeye. Hati za mashamba mimi, leseni za ndoa mimi, kodi za magari mimi, muhtasari wa vikao vya makamishna mimi. Wakati ule sikulalamika kwa sababu nilikuwa naingojea pensheni. Sasa nimeipata, na mdomo wangu ni wangu.

Kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe ilikuwa moja tu: jedwali. Kila mwezi wa tatu serikali inapotoa makadirio ya watu wa kila kaunti, Verlin alifunga dirisha la ofisi asubuhi nzima, wenye shida zao wakabaki kwenye benchi, yeye akakaa na penseli nyekundu kunakili kaunti zote za jimbo: nani kaongezeka, nani kapungua, kwa asilimia ngapi, na mwaka juzi ilikuwaje. Zile kubwa za Omaha na Lincoln hakuzijali. "Huko ni kujazana tu," alisema. Macho yake yalishuka moja kwa moja hadi mstari wa Kessing, akauweka kidole, akautafuta wetu, akaweka kidole kingine.

Siwezi kusahau mwaka 2014. Aliruka kutoka kitini, jitu zima la kilo mia na kumi, akaenda kununua mikate ya mdalasini ya ofisi nzima, yaani mimi na yeye na mzee wa kufagia.

"Tumewapiga!" akasema.

"Bwana Verlin, sisi tumepungua watu tisa."

"Wao kumi na moja. Kutoa hukujifunza shuleni?"

"Nilijifunza. Wote tunakwisha."

"Wao wanakwisha kwanza, Marcene. Wao kwanza!" Akajilamba sukari vidoleni, akapiga simu ofisi ya karani wa Kessing kumpa pole.

Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wangu. Mwaka 1930 Tarrow ilikuwa na watu elfu tano na ushei. Nilipoajiriwa tulikuwa elfu moja na mia moja. Ilipofika sensa ya 2010 tulikuwa mia tisa na nne, Kessing mia nane sabini na moja. Shule mbili zimefungwa, benki imehama, kanisa letu la Walutheri linagawana mchungaji na makanisa mengine matatu, na mtu mwenye elimu yake anasherehekea kwamba jirani anakufa haraka kuliko yeye. Nilikula mkate wake, nao ulikuwa mtamu, lakini nilimdharau huku natafuna.

Kisha Kessing wakaacha kupungua. Walijengewa zizi kubwa la ng'ombe wa maziwa, wakaja wakamuaji kutoka Guatemala na Honduras na wake zao na watoto wao. Karani wao, binti mdogo tu wa miaka thelathini, alivaa viatu vya mvua akaenda kuwasalimu nyumba kwa nyumba. Verlin alicheka mpaka akakohoa. Akasimama mbele ya makamishna, kwenye kikao, nami naandika, akasema: "Kessing wanaokoteza watu barabarani ili wajaze kitabu. Sisi Tarrow tunahesabu watu wetu." Delmar Stroschein, mwenyekiti wa makamishna, mkulima wa mahindi anayetafuna kijiti cha meno hata kanisani, akapiga meza kwa furaha.

Haikupita miaka miwili, nasi tukapata mabanda ya nguruwe. Wafanyakazi wakawekwa Sand Draw, nyuma ya maghala ya zamani ya nafaka, kwenye nyumba za matrela kumi na nne, zile ndefu nyembamba zinazoletwa na lori zikiwa zimeshajengwa. Wa kwanza kuja dirishani kwangu alikuwa Eulalia Tzoc, mwanamke mfupi, mcheshi. Mumewe alikuwa analisha nguruwe, yeye alikuwa amepata kazi ya usafi kwenye kliniki yetu. Alileta karatasi za pikapu yake kuukuu nikamkabidhi namba.

"Dada, hii sitini na moja ndiyo nini?"

"Namba ya Tarrow."

"Nzuri hiyo?"

Kabla sijajibu, Verlin akageuka na kiti chake. "Ni namba ya heshima, mama. Wenzako wa 74 wanaililia."

"Kumbe! Basi na mimi leo ni mtu wa heshima," akasema Eulalia, akacheka, akalipa kodi yake ya gari, akaenda zake.

Verlin alimtabasamia mpaka mlango ukafungwa. "Hawa ni wapita njia, hawamalizi mwaka," akaniambia.

Walimaliza. Wakamaliza na wa pili. Watoto wao wakaingia shule, mwalimu wa darasa la kwanza akapata wanafunzi kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Mwaka wa tatu nilikuwa nimeandikisha magari kumi na tisa ya Sand Draw.

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe. Miaka miwili kabla ya sensa, watu wa sensa huleta kwa kila kaunti orodha ya nyumba walizonazo. Kaunti inaikagua na kuongeza zilizosahauliwa. Unakula kiapo kwanza kwamba hutamwonyesha mtu anuani hizo. Nami nilikula kiapo na sitataja anuani ya mtu hapa, ila matrela ya Sand Draw hayahitaji kutajwa, yanaonekana kutoka barabara kuu, na upepo ukivuma utayanusa kabla hujayaona. Hayakuwemo kwenye orodha. Nikayaandika yote kumi na nne kwa mkono wangu, nikamwekea Verlin mezani.

"Sand Draw hakuna makazi," akasema, akapiga mstari mwekundu.

"Bwana Verlin, wapo watu pale."

"Yale ni matrela."

"Yana milango. Watu wanaingia, wanatoka, wanapika."

"Yana magurudumu, Marcene. Kitu chenye magurudumu ni gari."

"Magurudumu yalishatolewa, yamekaa juu ya matofali. Twende nikakuonyeshe, ni dakika kumi."

"Hebu usinifundishe kazi! Nikiwaandika hawa, kesho Kessing watasema Tarrow nao wanaokoteza watu. Nimewacheka mbele ya makamishna, ukaandika mwenyewe kwenye muhtasari. Unataka nile matapishi yangu?"

Basi sababu ikawa hiyo, wala si matofali wala magurudumu. Akageuza ukurasa, akaanza kuongeza nyumba zake mwenyewe. Aliongeza nyumba ishirini na tatu za mashambani ambazo hazina mtu tangu enzi za baba yake, paa zimebonyea, miti imeota jikoni. "Akina Albrecht wanaweza kurudi," akasema. Akina Albrecht wako makaburini nyuma ya kanisa, wote sita, kila Jumapili tunawapita. Kwa hiyo nyumba zenye watu zikatoka, nyumba zenye popo zikaingia, na karani akatia sahihi kwa kalamu nzito.

Na mimi? Mimi nilisema mara mbili nikanyamaza. Nilikuwa nimebakiza miaka minne nistaafu. Sijisafishi, woga ulinikaa, nikatia orodha kwenye bahasha nikailamba kwa ulimi wangu mwenyewe.

Mwaka uliofuata figo za Lavonne zikagoma. Lavonne ni mke wa Verlin, fundi wa nguo, mwenye ulimi mkali na moyo mwema, na mpaka leo sielewi alimpendea nini. Daktari alisema lazima damu yake isafishwe kwa mashine, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, la sivyo hamalizi mwezi. Kwa bahati kliniki ya Amity ilikuwa na mashine mbili. Ilikuwa hatua mia tatu kutoka nyumbani kwao. Alikwenda kwa miguu na mfuko wake wa kushona, akakaa na mashine, Eulalia anapiga deki, wanapiga soga. Lavonne alimfundisha Eulalia kuweka zipu, Eulalia akamfundisha matusi ya Kihispania.

Ilipofika vuli kampuni yenye kliniki ikaleta barua. Kuendesha kliniki Amity na nyingine Plum Fork, mji mkuu wa Kessing, ilikuwa imewashinda. Watabakiza moja. Watasubiri sensa, na itakayobaki ni ya kaunti yenye watu wengi.

Mimi niliisoma barua ile mara mbili. Maili sitini na nane kwenda Plum Fork, na sitini na nane kurudi, na baridi ya kwetu nyote mnaijua. Nikainua macho kumtazama Verlin, nikidhani naye anayaona matrela kumi na nne kichwani. Wapi! Alikuwa anang'aa.

"Kessing hawajatupita tangu 1922," akasema. "Lavonne alale usingizi."

Akajitia kazi. Alipiga simu Arizona kwa wazee wetu wote wanaokimbilia huko baridi ikianza, akawaomba wajiandike kwao Tarrow. Wengine walikuwa wanakaa huko miezi minane, walikuja kwetu kuvuna nyanya tu. Akawaambia wazazi wawahesabu nyumbani watoto walio vyuoni Lincoln, wakati sheria inasema mwanafunzi anahesabiwa anakolala. Majina hayo yote yaliondolewa baadaye. Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa maradhi na barakoa, wahesabuji walipita upesi wakifuata orodha, na nyumba isiyo kwenye orodha hawakuigongea. Nasikia walizigonga zile ishirini na tatu zote. Mmoja alidondokea chini ya sakafu ya akina Albrecht akavunjika kifundo cha mguu.

Majibu yalitoka Agosti, mwaka 2021. Tarrow, mia nane kumi na mbili. Kessing, mia nane arobaini na tatu.

Verlin aliweka kidole kimoja kwenye mstari wa Kessing, kingine kwenye wetu, akatoa upya kwa penseli nyekundu. Delmar akaingia na kijiti chake mdomoni. "Verlin, ndugu yangu, nasikia 74 wametukalia kichwani."

"Wameiba," akasema Verlin.

"Wameibaje? Walituchukulia watu mfukoni?"

"Thelathini na mmoja tu, Delmar. Thelathini na mmoja! Ni basi moja la shule."

Nilitazama mgongo wake nikangoja aseme habari za matrela.

Aliyesema alikuwa Eulalia, na hakujua anasema nini. Asubuhi ya pili Lavonne alikuwa kwenye mashine anamweleza habari: wamepungukiwa watu thelathini na mmoja, basi kliniki inaondoka. Eulalia akaegemea fagio. "Mbona sisi hawakutuhesabu, mama? Tuliwangoja. Nilipika hata tamale zetu za unga wa mahindi za kuwapa. Tuko sitini na watatu, na mmoja yuko tumboni."

Nilikuwa ofisini Lavonne alipoingia. Alitoka kwenye mashine moja kwa moja, uso mweupe, pamba imebandikwa mkononi, amejishikilia kwenye kaunta. Katika miaka yote ile hakuwahi kuja ofisini.

"Verlin, matrela ya Sand Draw yaliandikwa?"

"Kaa chini kwanza, Lavonne."

"Sikai. Yaliandikwa au hayakuandikwa?"

"Orodha ile ni ya siri. Nilikula kiapo."

Jamani! Mtu yule alijificha nyuma ya kiapo mbele ya mke wake anayetoka damu. Lavonne akanigeukia mimi. Nami nilikuwa na kiapo changu, basi sikutamka neno, nikatazama dari. Lavonne si mjinga.

"Mimi niliwe na barabara maili mia na thelathini na sita kila safari, kwa ajili ya nini, Verlin? Walikukosea nini?"

"Si watu wa hapa."

"Mimi mwenyewe nimezaliwa Iowa, mpumbavu we!"

Akatoka. Verlin akaniambia nisisikilize mambo ya familia.

Lakini mlango ulikuwa bado haujafungwa. Kampuni ilisema iko tayari kutazama tena, kaunti ikileta barua ya kiapo kuonyesha kwamba wapo wakazi waliorukwa. Waliipa kaunti hadi kikao cha Septemba. Barua niliiandika mimi, bila kuulizwa na mtu: nyumba kumi na nne, watu sitini na watatu, watoto ishirini na wawili wa shule, magari kumi na tisa yenye namba ya 61. Ilibaki kitu kimoja, sahihi ya karani na mhuri wake, akikiri kwamba ofisi yake iliwaacha. Nikamwekea mezani. Siku tisa barua ikakaa pale, akiizungukia na kikombe chake cha kahawa.

"Utatia sahihi?" nikamuuliza siku ya kumi.

"Unajua gazeti la Plum Fork litaandika nini?"

"Najua Lavonne atasafishiwa damu wapi."

"Watatucheka jimbo zima, Marcene. Watasema Uhlig wa Tarrow hajui hata kuhesabu nguruwe na watu."

"Na si kweli?"

Akaenda kujaza kikombe chake.

Siku ya kikao chumba kilijaa. Akina mama wa kanisa walikuwa wamepika supu ya maharage na nyama, na mikate ya mdalasini pembeni, maana kwetu hata msiba na kesi havifanyiki bila kula. Watu wa Sand Draw walikuja wengi, mashati yamepigwa pasi, watoto wamechanwa nywele kwa maji. Walikaa nyuma. Lavonne alikaa mstari wa pili, mfuko wa kushona mapajani, hakushona. Mama mmoja wa kampuni alikuja kutoka Omaha na miwani shingoni. Alisoma barua yangu isiyo na sahihi, akamtazama Verlin.

"Bwana Karani, hawa watu wanaishi kwenye kaunti yako au hawaishi?"

Verlin akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Ofisi yangu haikukosea."

"Sikuuliza hivyo."

"Ofisi yangu imefanya kazi hii miaka thelathini na haikukosea."

Eulalia akasimama kule nyuma, tumbo mbele. "Bwana Verlin, ni mimi, mtu wa heshima. Umenisahau?"

Watu wakacheka, hata Delmar kijiti kikamdondoka. Verlin hakugeuka. Nilimwona shingo inavyokuwa nyekundu kuanzia kola kwenda juu. Yule mama wa Omaha akamgeukia Delmar, akamuuliza kama makamishna wanaweza kuthibitisha badala ya karani. Na huyo ndiye mwenyekiti wetu, mwenye ekari elfu mbili: akainama kuokota kijiti chake. "Mimi ni mkulima tu, mama. Mhuri si wangu."

Mama wa Omaha akafungua kalamu yake, akamsogezea Verlin barua. Alimpa muda. Namhukumu Verlin kwa mengi, lakini kwa dakika ile namhukumu zaidi, kwa sababu hakuna aliyemharakisha. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Alimtazama mkewe, mkewe naye akamtazama. Hakumsihi wala hakulia, alimtazama tu. Verlin akaiweka kalamu juu ya meza, sambamba na karatasi, kwa adabu kabisa, akakaa.

Kliniki ilifungwa Novemba. Mashine mbili zikapakiwa kwenye lori, Eulalia akabaki bila kazi, naye na mumewe wakahamia Kessing kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa kabla ya Krismasi. Watu wa matrela mengine manne wakawafuata. Verlin aliandika kwenye faili: wameondoka, kama nilivyosema. Nilisoma maneno hayo nikatamani kumrushia mashine ya kutobolea karatasi.

Sitasema kwamba hakumhudumia mkewe. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alimwendesha, wakitoka kabla ya jua. Ila hata kule hakuacha upuuzi. Wenye kuona walinisimulia kwamba hakuingia ndani ya kliniki ya Plum Fork hata kwa kahawa. Alikaa garini saa nne, injini inanguruma, amefungua gazeti, eti hawezi kukaa kwenye kiti cha Kessing. Januari waliteleza kwenye barafu wakaingia mtaroni, Lavonne ndiyo kwanza ametoka kwenye mashine, hana nguvu ya kushika kikombe. Walikaa humo saa moja na nusu. Waliovuta gari ni wafanyakazi wa kuondoa theluji wa kaunti ya Kessing, na Verlin akawaambia kwamba barabara ya upande wa Tarrow isingekuwa mbaya hivyo.

Lavonne alinipigia simu jioni ile. "Marcene, nimechoka kufa kwa ajili ya jedwali," akaniambia. Wiki ya kwanza ya Februari alikodi vyumba viwili Plum Fork, mkabala na kliniki, ghorofa ya chini. Alichukua cherehani, kitanda kimoja na paka. Nilimsaidia kupakia. Verlin alisimama barazani mikono mfukoni.

"Anakwenda kwa muda tu," aliwaambia majirani, bila kuulizwa.

"Mpita njia, sivyo?" nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu nje ya ofisi na nilisikia raha mwili mzima.

Wiki chache zilipita. Alikuja kazini mashati hayajapigwa pasi, anakula supu ya kopo mezani. Watu walianza kumwonea huruma. Mimi sikuanza. Kila mara huruma iliponijia nilikumbuka kalamu ile ilivyolazwa sambamba na karatasi, ikanitoka.

Ndipo Machi, siku ya Jumanne, ikaja bahasha ndogo kutoka kwa karani wa Kessing, yule binti wa viatu vya mvua. Barua za aina hiyo tunazipata kila wiki: mtu akihama na kujiandikisha kupiga kura kwingine, kaunti mpya inaijulisha ya zamani ili jina lake lifutwe. Huzifungui kwa shauku. Verlin aliifungua, akasoma, akakaa. Kisha akaisukuma juu ya meza kuja kwangu bila kugeuka.

"Shughulikia hii."

Nilisoma. Uhlig, Lavonne M. Na chini, kwa mwandiko wake mzuri wa fundi, tarehe na anuani ya Plum Fork. Ningeweza kuishughulikia. Mia kadhaa nilizishughulikia miaka yote ile na yeye hakuzitazama. Nikainuka, nikaleta daftari la wapiga kura, nikalifungua kwenye herufi ya U, nikamwekea mbele.

"Kufuta jina ni kwa mkono wa karani," nikasema. "Sheria ndivyo inavyosema."

Alitafuta mstari kwa kidole. Ulikuwa rahisi kuuona, juu yake hakukuwa na jina na chini yake lilikuwa lake. Kidole kikakaa pale muda.

"Marcene."

"Naam."

"Hawana sehemu ya kuandika kwamba ni kwa muda?"

"Haipo, Bwana Verlin. Mtu anaishi kwenye kaunti au haishi."

Akachukua rula, maana hakuwahi kupiga mstari bila rula, akaiweka chini ya jina la mkewe. Rula iliteleza, ikabidi aanze upya mara mbili. Alipomaliza akaandika herufi za jina lake pembeni, na tarehe, na namba ya kaunti aliyohamia, 74, nami nikalichukua daftari nikalirudisha kabatini.